Jumatano ya Wanawake kwenye Nyumba ya Samaki

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema ili asije mtu akanidhania upole. Nikiamkiwa kwa uchangamfu mno, najiuliza huyu anataka nini. Nikiletewa unga, nauchekecha hata kama aliyeuleta ametoka kuuchekecha mbele yangu. Na samaki sijapata kumnunua bila kumfunua shavu nikaona wekundu wake kwa macho yangu. Tabia hii niliipata kwa mama, aliyekuwa akikaanga samaki na kuwauza barazani kwetu Kariakoo, na mume wangu wa kwanza akaja kuikomaza. Huyo bwana alioa mke wa pili kule Magomeni, akakaa naye karibu mwaka mzima, na mimi ananiambia anakesha kwenye maulidi. Nilipojua, nilidai talaka yangu nikapewa, nikarudi kwa baba mdogo, kwa kuwa wazazi wangu wote wawili walikuwa wameshafariki.

Nyumba ile ya baba mdogo ilikuwa na watu wawili wa kunihusu. Mmoja ni yeye mwenyewe, mtu wa maneno machache na kofia safi, muuza mahindi na maharage sokoni. Wa pili ni shangazi, dada yake mkubwa, mjane, ambaye alichukua maneno yote aliyoyaacha nduguye na kuyatumia yeye. Hao ndio walionilea tangu mama alipokufa. Nilipoachika hawakunisimanga hata siku moja, na jambo hilo nalo nilikuwa nikilishuku kidogo.

Miaka hiyo Mwingereza ndiye mwenye nchi. Mjerumani alikwisha ondoka, majumba yake yakabaki, na moja katika hayo, bohari la zamani karibu na bandari, Mzungu mmoja akalichukua akalijaza makasha ya kioo. Ndani ya makasha akatia maji ya bahari, na ndani ya maji akatia samaki wazima. Watu wakaambiwa waende kutazama. Si kununua, ni kutazama. Jumatano alasiri ikatengwa kuwa ya wanawake, tukaiita Jumatano yetu.

Kariakoo haikulala kwa habari hiyo. Mtu mzima na akili zake awafuge samaki, awalishe, asiwale wala asiwauze? Wakasema lile bomba linaloingia ukutani halivuti maji, linatoa kitu, na kila mtu alijua kitu gani. Mumiani walikuwa wakisemwa sana siku zile. Ilikuwa mtu akichelewa kurudi kutoka mjini, mkewe anaanza kulia kwamba ameshanyonywa damu. Jirani yetu mmoja alisema samaki hawawezi kunenepa namna ile kwa maji matupu. Mimi sikuyaamini yote, lakini sikuyakataa yote pia. Niliamua tu kwamba sitakanyaga.

Kisha ikaja posa, na aliyeposa ni mtunzaji wa samaki wa nyumba hiyo hiyo.

Mshenga alimsifu hadi nikachoka kusikia. Mtu wa Kilwa, anaswali, hanywi, ana kazi ya kudumu kwa Mzungu. Nilimsikiliza nikiwa chumbani, mlango umeegeshwa. Alipoondoka nilimwambia baba mdogo neno moja tu. Nikamwambia sheria naijua na sipingani nayo, mwanamume ana ruhusa yake, lakini mimi nilishakaa ukewenza bila kujua na sitaki tena, hata kwa kujua. Mwenye mke aende zake. Asiye na mke tutazungumza.

"Hana," akasema baba mdogo. "Nimeulizia."

Sasa, kwetu mwari akiulizwa juu ya mume akanyamaza, kimya chake kinachukuliwa kuwa ni ndiyo. Lakini mwanamke aliyekwisha olewa, kimya chake hakitoshi. Ni lazima aseme kwa ulimi wake na mashahidi wasikie. Kwa hiyo ikapangwa kwamba Ijumaa ya wiki ya pili, baada ya swala, mwalimu wa chuo atakuja na watu wawili kusikia kauli yangu. Hadi siku hiyo nilikuwa na kazi moja, kujua kama nitasema ndiyo au hapana. Nikasema kabla sijatamka lolote, nataka kumwona mtu mwenyewe.

Nilidhani watakataa. Shangazi akakubali upesi sana. "Tutakwenda wote," akasema, "Jumatano ya kesho. Utamwona yeye, yeye hatakuona."

Tukavaa mabuibui yetu tukatoka baada ya adhuhuri. Tulikata Mnazi Mmoja, tukapita Uhindini katikati ya maduka ya vitambaa, tukateremka hadi kwenye upepo wa bandari. Njia nzima shangazi alinishika mkono na kuzungumza. Aliniambia jinsi mwanamke aliye peke yake anavyozeeka haraka, jinsi fulani alivyokataa posa tatu na sasa anaishi kwa kufua nguo za watu. Nilimwambia kufua si dhambi. Akanifinya kiganja.

Ndani kulikuwa na giza na baridi ya maji. Mwanga uliingia kutoka juu tu, kwenye bati walilolikata juu ya makasha, ukaangukia samaki, na sisi tukabaki kivulini. Sakafu ilikuwa imelowa. Harufu nilitegemea iwe ya soko la samaki saa za jioni, lakini ilikuwa harufu ya mawe ya pwani maji yakipwa, na hilo likanitia wasiwasi. Penye samaki wengi namna ile panapaswa kunuka.

Wanawake walikuwa wengi. Mmoja alikuwa akibishana na mwenzake kwamba wale kamba ni wa bati na wanavutwa kwa uzi. Wengine walikuwa wamelizunguka kasha la bunju, wakicheka, kwa sababu bunju ni samaki wa sumu, wavuvi humtupa, na hapa amewekewa kasha lake peke yake na kokoto nyeupe. Mama mmoja mnene alitembea kutoka kasha hadi kasha akitoa hukumu: huyu wa nazi, huyu wa kukaanga, huyu mchungu, huyu nisingempa hata paka. Mimi niligonga kioo kwa pete kuona kama samaki watashtuka. Walishtuka.

"Tafadhali bibie, usigonge," mtu akasema kwa upole. "Wanaumia na kelele."

Ndiye yeye. Alikuwa upande wa pili wa kasha, mikono ameizamisha majini hadi viwikoni, anang'oa majani yaliyooza. Kaptula ya kaki, shati limekunjwa, kofia ya viua. Kati yangu na yeye kulikuwa na maji na kikande wawili wanaofukuzana. Nikasimama hapo makusudi. Kioo kilimpanua pua, akisogea kinamrefusha kidevu, na mimi nikawa natafuta uso wake wa kweli katikati ya sura hizo zote. Alikuwa na sura ya kupendeza. Nikaliandika hilo kuwa kosa lake la kwanza, kwa sababu mume wangu wa zamani naye alikuwa na sura ya kupendeza.

Kasha la mwisho lilikuwa la chewa mmoja mkubwa aliyekaa chini, mdomo wazi, hana haraka. Mdomo wake wa chini ulikuwa umechanika upande mmoja, ndoana ilikuwa imepita hapo. Mbele yake alikaa bibi mmoja mzee juu ya kibao, na mtunzaji alipopita bibi akampokea kama mwanawe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mzee wangu hajambo?"

"Hajambo. Tangu asubuhi anakungoja."

Bibi akatugeukia akatueleza, bila sisi kumwuliza, kwamba chewa yule amefanana na marehemu mumewe kuanzia macho hadi kidevu. Marehemu alikuwa akikaa hivyo hivyo akingoja chai. Kila Jumatano yeye bibi anakuja kumwamkia. Wanawake wakacheka, na bibi akacheka nao, lakini niliona hatanii sana.

Nikamnong'oneza shangazi amwite yule mtu pembeni, amwulize habari zake mwenyewe, nami nisikilize.

"Mwanamke hamhoji mume," akasema shangazi. "Mshenga ameshauliza. Umemwona, sasa twende." Akanikokota hadi nje. Jua likaniingia machoni, na nikajiuliza kwa nini mtu aliyetembea mwendo wote ule asitake kukaa hata kupumzisha miguu.

Wiki ile nyumbani walikuwa wema kwangu kupita kiasi. Baba mdogo aliniletea kanga mpya. Shangazi alinisuka bila kunivuta nywele. Nilikula, nikashukuru, na nikazidi kutokuwa na raha. Mtu ambaye hajawahi kudanganywa angeona ni mapenzi, na labda mapenzi yalikuwemo. Jumatano ya pili nilisema nakwenda Jangwani kumpa hongera shoga yangu aliyejifungua. Shoga alikuwepo na mtoto alikuwepo, ila mimi nilipita njia nyingine, nikaenda bandarini peke yangu.

Bibi alikuwa pale pale kwenye kibao chake. Nikamsikia akiuliza, "Mzee wangu hajambo?" na mtunzaji akamjibu vile vile, kwamba hajambo na anamngoja. Nikasogea nikachungulia. Chewa alikuwa chini, mdomo wazi, hana haraka. Lakini mdomo ulikuwa mzima. Hakuna mchaniko upande huu wala ule.

Nilimtazama yule mtu akimwinamia bibi na kutabasamu, wala jicho lake halikupepesa. Nikasema moyoni, basi, nimeshapata jibu langu la Ijumaa. Mtu anayeweza kubadilisha kitu akaapa ni kile kile, mimi nimekaa naye tayari, simhitaji mwingine.

Lakini nina ubishi. Nikangoja bibi ajikongoje aende zake, nikamfuata yule mtu kwenye kasha.

"Huyu siye yule wa wiki iliyopita," nikamwambia.

"Ndiye, bibie."

"Yule alichanika mdomo. Huyu ni mzima."

Akatazama huku na huku. Kisha akapunguza sauti. "Yule alikufa Jumamosi. Bomba lilikwama usiku, maji yakaharibika, nikamkuta asubuhi amepinduka. Nilivuka Magogoni kwa wavuvi nikawangoja wanitafutie anayefanana naye."

"Na bibi unamwambia anamngoja."

"Bibi ameshazika mume mara moja. Unataka nimwambie azike tena?"

Jibu hilo lilinipendeza, na kwa kuwa lilinipendeza nikaliogopa. Waongo wenye huruma ndio wabaya kuliko wote, maana hujui siku ya kuwakasirikia. Lakini niligundua jambo jingine pia: nimemwuliza uso kwa uso, na amenijibu. Katika habari yote hii ya posa hapakuwa na mtu aliyefanya hivyo. Mshenga aliulizwa, majirani waliulizwa, watu wa Kilwa waliokuja sokoni waliulizwa kuhusu ukoo wake. Mwenyewe hakuulizwa kitu, kwa sababu si desturi.

"Ijumaa," nikasema, "kuna mwanamke wa Kariakoo atakayeulizwa juu yako."

Akatoa mikono majini.

"Ni mimi. Na nina swali moja. Una mke?"

Alijifuta mikono kwenye shati, akatazama chini, kama inavyompasa mtu mbele ya mchumba asiyeruhusiwa kumwona. Sikuona aibu usoni mwake. Niliona mshangao.

"Ninaye," akasema. "Yuko Kilwa kwa mama yangu. Lakini hayo unayajua."

"Nayajua kwa nani?"

"Kwa baba yako mdogo. Nilimwambia mimi mwenyewe, siku ya kwanza, mshenga akiwepo. Sikutaka kuingia kwa watu kwa mlango wa nyuma. Akasema atakufikishia. Baadaye mshenga akarudi na jibu kwamba umesikia na umeridhia, ila unaomba wewe na mke mwenzio mkae nyumba mbalimbali."

Niliaga, nadhani niliaga, nikatoka.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimpima. Huyu ni mtu ambaye muda mfupi tu uliopita amemtazama mwanamke mzee usoni akamdanganya kuhusu samaki. Atashindwaje kunidanganya mimi kuhusu baba mdogo? Na upande wa pili ni watu waliokuwa wakinikanda miguu nikiwa na homa. Nilitamani sana awe mwongo yeye. Nilitamani hivyo kwa moyo wangu wote, nikajiona natembea upesi kama kwamba nikiwahi kufika nyumbani itakuwa hivyo.

Shangazi nilimkuta uani amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikavua buibui, nikachukua ungo, nikakaa karibu naye nikaanza kuchambua mchele. Sikumwuliza kama ni kweli. Swali la namna hiyo humpa mtu nafasi ya kutunga. Nilinyamaza, akanisimulia ya mtaani, nikaitikia panapotakiwa. Kisha nikasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia chumvi, bila kuinua uso kutoka kwenye ungo:

"Yule mke wake wa Kilwa ana watoto?"

"Wawili," akasema shangazi. "Wa kike wote."

Mkono wake ukasimama juu ya kifuu. Nazi iliyokuwa ikidondoka kwenye sinia ikaacha kudondoka. Tukakaa hivyo, yeye na kifuu chake na mimi na ungo wangu, na nikajua kwamba nimefika mwisho wa jambo nililolianza.

Baba mdogo alipoingia alituona nyuso zetu, na hakukana. Aliketi kwenye kizingiti akavua kofia yake.

"Ungekataa," akasema.

"Ndiyo, ningekataa."

"Basi ningefanyaje? Sisi ni wazee. Tukiondoka utabaki na nani? Ni mtu mzuri. Ungeshamzoea ndipo ungejua, na ungekuwa na kwako."

"Ndivyo alivyosema yule wa kwanza," nikamwambia, "kwamba ningezoea."

Shangazi alilia. Alisema walinitakia heri, na naamini walinitakia. Alisema alifuatana nami siku ile ili nisije nikamwuliza yule mtu, maana walijua hana ulimi wa kuficha, angenijibu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Siku ile aliponishika mkono kutoka Kariakoo hadi bandarini, nilikuwa nikimkagua mtu aliye nyuma ya kioo, na aliyenishika mkono sikumkagua. Nilikuwa na hasira ya kuvunja vyungu, lakini sauti haikupanda. Niliendelea kuchambua mchele mpaka ukaisha.

Ijumaa hawakuwa na ujasiri wa kuwazuia wageni. Pilau likapikwa tangu asubuhi kana kwamba hakuna lililotokea. Baada ya swala mwalimu akaja na mashahidi wawili, mshenga nyuma yao, wakaketi ukumbini, mimi nyuma ya pazia. Mwalimu akataja jina la yule mtu na la baba yake, akaniuliza kama nimeridhia.

Nilikaa kimya, na kimya hicho kilikuwa kirefu, kwa sababu sikuwa na hakika kama nilivyodhani. Niliwaza mikono yake iliyolowa na jinsi alivyosema "ninaye" bila kuzunguka. Nilimtaka. Nalisema sasa kwa kuwa wote waliopaswa kulisikia wameshakufa. Nikawaza kwamba katika wanaume wote walionihusu, wa damu na wa ndoa, ni yeye tu aliyeulizwa akajibu. Lakini ana mke, na mke huyo ana mabinti wawili, na nafsi yangu naijua. Kila atakaposafiri Kilwa ningekaa mlangoni nikihesabu siku zake. Tena ile "ndiyo" yangu walikwisha nisemea wengine, wakaipeleka bandarini bila mimi kujua.

Mwalimu akauliza mara ya pili.

"Sikuridhia," nikasema.

Mashahidi walinisikia. Baba mdogo akawasindikiza hadi barazani akiomba radhi, na mshenga akaondoka nao kupeleka jibu. Jibu gani alilolipeleka siwezi kujua. Kwa yale niliyokwisha yaona, sidhani kama yule mtu aliwahi kuambiwa kwamba mimi sikuwa nimeelezwa.

Shangazi akapakua pilau kwenye sinia, akalitenga mkekani, na upande wangu akaniwekea mnofu mkubwa kuliko wa nduguye. Mtu aliyeniambia kweli nilikuwa nimemkataa, na hawa wawili walionificha ndio waliobaki ndugu zangu. Nikanawa mikono, nikakaa, nikala nao, kwa kuwa hapakuwa na nyumba nyingine ambako ningekula.